Tusi lisilo na mwenyewe halina makali, hata likitamkwa angani

WATU wa karne zijazo watatukana vipi? Huenda swali hili likaonekana la mzaha, hasa katika ukumbi huu ambao aghalabu hushughulikia sarufi na fasihi. Lakini si mzaha hata kidogo. Waandishi wa tamthilia za kisayansi za runinga, zile zinazosimulia safari za angani, roboti na sayari za mbali, wamehangaika nalo kwa zaidi ya nusu karne. Sasa limetufikia na sisi tunaoandika kwa Kiswahili, kwa kuwa vijana wetu wameanza kutunga hadithi za aina hiyo.

Mwezi uliopita kundi la vijana wa Tarasaa na Ngao, katika Kaunti ya Tana River, lilinikabidhi mswada wa tamthilia ya vipindi sita. Hadithi inatukia katika delta ya Mto Tana miaka themanini hivi kutoka leo. Mto umewekewa malango ya chuma, maji yanapimwa kwa mashine, na malango yanalindwa na roboti. Mkulima akitaka kumwagilia mpunga sharti aombe. Mfugaji akitaka kupitisha ng'ombe kwenye malka, yaani zile njia za mifugo za kufikia mto, sharti aombe vilevile.

Ni hadithi nzuri, na niliisoma kwa usiku mmoja. Tatizo ni moja. Kila mhusika anapokasirika, hutoa lile neno la Kiingereza lenye herufi nne ambalo gazeti hili haliwezi kulichapisha. Nililihesabu katika kipindi cha kwanza pekee: mara 41. Mkulima analitamka, mfugaji analitamka, hata nyanya anayesuka mkeka mlangoni pake analitamka. Vijana wenyewe walikuwa na wasiwasi. Mmoja wao akaniuliza, "Prof, haya matusi yanakaa sawa ama yanasikika ya kulazimisha?"

Yanasikika ya kulazimisha. Sababu ndiyo nitakayoieleza leo, kwa maana haihusu adabu peke yake.

Hebu kwanza tuwatazame waliotutangulia katika kazi hii. Star Trek, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966, ilikuwa na ndimi safi mno. Nahodha Kirk alipotaja jehanamu kwa uchungu mwishoni mwa kipindi kimoja cha mwaka 1967, jambo hilo lilikuwa adimu kiasi kwamba mashabiki wanalikumbuka hadi leo. Vituo vya runinga vya enzi hizo havikuruhusu zaidi ya hapo. Waliofuata wakatafuta njia za panya. Mnamo 1978, Battlestar Galactica ikabuni neno 'frack'. Tamthilia hiyo ilipoundwa upya kuanzia 2003, tahajia ikageuzwa kuwa 'frak', ili neno liwe na herufi nne sawasawa na lile linaloliwakilisha. Red Dwarf ya Uingereza ikaja na 'smeg' mwaka 1988, na Farscape ikaja na 'frell' mwaka 1999. Firefly ya mwaka 2002 ikapita njia nyingine: wahusika husema Kiingereza lakini hutukana kwa Kichina.

Baadaye huduma za kulipia zikafungua milango. Oktoba 2017, katika Star Trek: Discovery, kadeti aitwaye Tilly alilitamka lile neno lenyewe, tena si kwa hasira bali kwa furaha ya kugundua jambo la kisayansi. Na The Expanse ilipohamia Amazon mwaka 2019, Bi Avasarala, kiongozi mzee wa dunia nzima, akawa hana tena wa kumzuia ulimi.

Katika haya yote, lipi linasikika la kawaida? Wengi husifu 'frak', nami sipingi. Ni silabi moja, linaanza kwa pumzi na kuishia kwa kishindo cha 'k', na linakaa katika sentensi palepale ambapo tusi halisi la Kiingereza lingekaa. Sikio hulizoea upesi. Lakini niliwauliza vijana wangu: katika tamthilia hiyo hiyo, ni neno gani linalomuumiza anayeambiwa? Si 'frak'. Ni jina la kifaa cha jikoni. Binadamu huwaita roboti 'toaster', yaani kile kidude cha kuchomea mkate. Roboti aliyejifunza kupenda, na anayeogopa kufa kama wewe, anaambiwa usoni kwamba yeye ni kidude cha kuchomea mkate. Hapo mtazamaji hushtuka, ingawa neno lenyewe halina uchafu wowote.

The Expanse nayo ina neno zuri sana kwa mtu wa lugha. Watu waliozaliwa kwenye vimondo vikubwa, mbali na dunia, wana lugha yao ya mseto iliyoundwa na mwanaisimu Nick Farmer. Msaliti miongoni mwao huitwa 'welwala', yaani mtu anayependa sayari zenye uzito unaovuta vitu chini. Kwetu hilo halina maana. Kwa mtu ambaye mifupa yake haiwezi kustahimili uzito wa dunia, ni tusi la kuchoma. Na katika filamu ya District 9 ya mwaka 2009, wageni kutoka anga za mbali waliokwama Johannesburg huitwa kamba, wale wa baharini. Jina la kitoweo limegeuzwa fimbo.

Basi matusi ya tamthilia hizi hufanya kazi mbili tofauti. Moja ni kumpa msemaji nafasi ya kupumua anapozidiwa. Ya pili ni kumshusha mtu mwingine hadhi. Kiingereza hutumia maneno yale yale kwa kazi zote mbili, ndiyo maana neno moja linaweza kutokea mara 41 katika kipindi kimoja. Kiswahili hakifanyi hivyo, na hapa ndipo mswada wa vijana wetu ulipoteguka.

Kiswahili kina kuapa, kina kulaani, kina kuapiza na kina kutukana. Anayeapa humtaja Mungu awe shahidi wake. Anayelaani au kuapiza humwombea mtu shari. Anayetukana humvunjia mtu heshima mbele ya watu. Kisha kuna kusonya, au kufyonya kama wasemavyo wengine wetu wa Pwani, ambako hakuhitaji neno lolote lakini kumewahi kuvunja ndoa. Mswahili hachanganyi mambo haya.

Chukua mfano. Mtu yuko peke yake usiku kati ya Garsen na Tarasaa, bodaboda imemzimikia, na mvua inatishia. Atasema nini? Atasema "Lo!" Atasema "Salaale!" Atasema "Yarabi!" au "Mama wee!" Atamwita Mungu au atamwita mamake. Hatatukana, kwa kuwa hapana wa kutukanwa. Tusi la Kiswahili lina anwani. Sarufi yenyewe ni ushahidi: matusi mazito hubeba nafsi ya pili. Kuna mama wa mtu na baba wa mtu, na kiambishi kinachoonyesha ni nani hasa. Ukimwondoa huyo mwenyewe, tusi zito kabisa hubaki kuwa jina la kiungo cha mwili, kama lilivyo katika kitabu cha biolojia. Simama sokoni useme "Mbwa!" Watu watageuka kumtafuta mbwa. Sema "Mbwa wee!" Watageuka kutazama ni nani aliyetukanwa.

Najua utanikosoa kwamba vijana wa leo husema "Shenzi!" hata simu inapozima. Ni kweli. Lakini msikilize vizuri kijana huyo: anaitazama simu, anaisemesha, pengine anaitishia kuitupa. Ameshaifanya mtu. Anwani ingalipo.

Wasimulizi wa filamu katika vibanda vya video waliligundua hili zamani, bila shahada yoyote. Tanzania alikuwapo marehemu Lufufu, aliyewafasiria watazamaji filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kwetu Kenya yupo DJ Afro, na Kiswahili chake kilichochovywa katika Sheng'. Wasomi wengi wamewadharau watu hawa kwa kuwa hawafuati maneno ya asili. Mimi nadhani tungefaa kuwachunguza darasani.

Nikiwa Tarasaa Desemba iliyopita, niliingia katika kibanda kimoja cha video na kukuta filamu ya angani ikisimuliwa na mmoja wa wasimulizi wa aina hiyo. Chombo kilikuwa kimepasuka kioo, hewa inatoroka, na rubani yuko peke yake. Kwa Kiingereza rubani alirudia neno lile lile mara tatu. Msimulizi hakutafuta tusi. Alisema kwa sauti ya mtu anayezama, "Mama yangu! Leo ndiyo leo!" Kibanda kizima kikanyamaza. Baadaye rubani huyo alipokutana na mkubwa wake aliyemtuma kwenye hatari akijua, alitamka tena neno lile lile. Safari hii msimulizi akapasua: "Mwanaharamu wee, ulijua!" Watoto wakapiga makofi. Neno moja la Kiingereza lilikuwa limefasiriwa kwa namna mbili zisizofanana hata kidogo, na zote mbili zilikuwa sahihi. Mara ya kwanza hapakuwa na mtu mbele ya rubani. Mara ya pili alikuwapo. Linganisha na yale maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya skrini, ambayo mara nyingi huweka kinyesi au uzinzi pale ambapo mhusika anaomboleza tu.

Kibandani humo niliona jambo jingine. Mvulana wa miaka kumi hivi aliyekuwa ameketi karibu na nyanyake alilitamka lile neno la Kiingereza, waziwazi, mwanasesere wake alipovunjika. Nyanyake hakutikisika. Mvulana huyo huyo angethubutu kutamka tusi la Kiswahili au la Kipokomo, angelala nje. Watafiti wa watu wenye lugha mbili wamelieleza hili kwa kirefu: maneno ya mwiko katika lugha uliyojifunza baadaye hayachomi kama yale uliyoyajua tangu ukiwa magotini pa mama. Ndiyo sababu ya Kichina cha Firefly: kinamruhusu mtazamaji wa Marekani asikie hasira bila kuguswa na neno. Na ndiyo sababu vijana wetu waliweza kumpa nyanya wa mkeka tusi la Kiingereza bila mikono yao kutetemeka. Wangelazimika kumpa tusi la Kiswahili, wangejiuliza kwanza kama mama huyu hutukana, anamtukana nani, na nani anasikia. Lugha ya kigeni iliwaepusha na maswali hayo, na tamthilia hujengwa kwa maswali hayo hayo.

Ajabu ni kwamba Star Trek, kwa bahati au kwa makusudi, iliwahi kulionyesha jambo hili kwa kutumia Kiswahili chetu. Jina la Luteni Uhura, aliyeigizwa na marehemu Nichelle Nichols, limetokana na neno 'uhuru'. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1967, mashine yenye akili inafuta kumbukumbu zake zote, na inabidi afundishwe upya kusoma Kiingereza kama mtoto wa chekechea. Anapokwama, anarudi katika Kiswahili. Waandishi wa Hollywood, ambao sidhani walikuwa wakijua sana Kiswahili, walifahamu angalau kwamba mtu akizidiwa hurudi kwenye lugha ya kwao. Sasa itakuwaje mkulima wa Tarasaa, aliyezaliwa na kulelewa kando ya Mto Tana, akizidiwa akimbilie Kiingereza cha New York?

Wapo watakaosema kwamba ninajisumbua bure. Matusi yote yafutwe, mambo yaishe. Wanataja Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, na kanuni za utangazaji zinazozuia lugha chafu hewani kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Kanuni hizo zipo na zinafaa kuheshimiwa. Lakini zinajibu swali la saa na umri. Hazijibu swali la ukweli wa mhusika. Mswada unaweza kuwa safi kama sabuni na bado kila mtu ndani yake akasikika kama amekariri.

Isitoshe, tusi zito kuliko yote katika mswada ule lisingeguswa na bodi yoyote. Wanadamu katika hadithi hiyo huwaita roboti wa malangoni 'wakuja'. Mara ya kwanza nilipolisoma nilitabasamu, kwa maana ndilo neno lililokaa vizuri kuliko yote. Halikukopwa popote. Ni la Pwani, ni fupi, na linaleta dunia nzima: hawa si wa hapa, wamekuja, na waliokuja wanaweza kurudishwa. Kisha tabasamu langu likakauka. Ni nani asiyejua hapa Pwani kwamba neno hilo lilikuwa na watu wake kabla roboti hawajazaliwa?

Kiswahili kina historia ndefu ya kugeuza jina la kundi kuwa tusi. Katika miji ya Pwani ya karne ya 19, 'washenzi' walikuwa watu wa bara. Leo limebaki tusi tu, na wengi wanaolitumia hawajui kwamba wanawatukana mababu zao wenyewe. Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, ilipotoa orodha ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi, mojawapo lilikuwa 'madoadoa'. Hakuna neno safi kuliko hilo. Ng'ombe ana madoadoa, kanga ana madoadoa. Lakini katika vinywa fulani, misimu fulani, lilimaanisha jirani anayestahili kufukuzwa.

Nasi wa Tana Delta hatuhitaji kufundishwa hili na mtu. Mwaka 2012, katika mapigano kati ya jamii za wakulima na wafugaji, zaidi ya watu 100 waliuawa katika eneo letu. Mapigano hayo yalikuwa na sababu nyingi: ardhi, maji, malisho, siasa. Sitasema yaliletwa na maneno. Lakini aliyekuwapo anajua kwamba kabla ya panga huja jina. Wapokomo na Waorma wana majina waliyoitana siku zile ambayo sitayaandika hapa.

Kwa hivyo nilipokutana tena na vijana wale, hatukuzungumza sana kuhusu lile neno la herufi nne. Hilo lilikuwa rahisi. Tulipitia mara zote 41, na kila mahali nikawauliza swali moja: hapa anasema na nani? Pale ambapo hakuna mtu, wakaweka maombolezo au jina la Mungu. Pale ambapo yupo mtu, wakafikiria uhusiano. Babu na mjukuu hutaniana hadi mgeni akashangaa. Wahehe na Wangoni wa Tanzania, waliopigana vikali katika karne ya 19, leo ni watani wanaotupiana maneno hata matangani bila mtu kukasirika. Je, katika delta ya karne ijayo, mkulima na mfugaji wanaoomba maji kwenye lango moja hawawezi kuwa wamekuwa watani? Vijana walilipenda wazo hilo. Tusi la utani lingewaonyesha watazamaji, bila hotuba yoyote, kwamba kitu fulani kimebadilika kati ya 2012 na wakati huo. Nyanya wa mkeka naye amepewa msonyo mmoja, mrefu, kwa roboti aliyemzuia kuchota maji. Nadhani utakuwa wakati mkali kuliko yote katika kipindi hicho.

Ugomvi wetu ulikuwa juu ya 'wakuja'. Nusu ya vijana walitaka lifutwe wasije wakalaumiwa. Nusu nyingine walisema bila neno hilo hadithi haina ladha. Mimi nilikuwa upande wa kulibakiza, lakini kwa sharti. Tusi la aina hiyo likitamkwa mara nyingi bila mtu kuumia, mtazamaji hulichukua nyumbani kama kichekesho. Lazima mmoja wa roboti alisikie na alijibu. Lazima mtoto amuulize babake, "Na sisi tulikuja lini?" Marehemu Katama Mkangi, mwana wa Pwani hii hii, katika riwaya yake ya mwaka 1995 alimpeleka mhusika wake hadi ulimwengu mwingine angani, na ulimwengu huo akauita Walenisi. Ukilitamka polepole utasikia: wale ni sisi. Riwaya hiyo imewatangulia vijana wa Tarasaa kwa miaka mingi, na niliwaachia nakala yangu waisome kabla ya kuamua.

Kwa sasa wamekubaliana hivi: kabla kamera haijawashwa, watausoma mswada kwa sauti mbele ya wazee wa pande zote mbili, Tarasaa kwanza kisha katika vijiji vya wafugaji, na watatazama nyuso wakati neno 'wakuja' linapotamkwa. Wamenialika kusikiliza. Nitakwenda.